Mapitio ya xxd: kusoma faili baiti kwa baiti kwenye terminali

Kila anayefanya kazi kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hufika mahali ambapo amri ya cat, inayoonyesha yaliyomo kwenye faili, haimfai tena, kwa sababu faili alilo nalo si maandishi, au ni maandishi yenye kitu kisichoonekana ndani yake. Kumwaga data za binari moja kwa moja kwenye skrini huleta alama zisizosomeka, na pengine terminali yenyewe huvurugika, kwa kuwa baadhi ya baiti hizo huchukuliwa kuwa maagizo ya kubadili rangi au seti ya herufi. Dawa yake ni kuiandika kila baiti kwa tarakimu mbili za heksadesimali, mfumo wa namba wenye tarakimu 16 (0 hadi 9, kisha a hadi f), kuanzia 00 hadi ff. Programu tatu zinazojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni od, hexdump na xxd. Nimezitumia zote, na ninayoipendekeza ni xxd, iliyoandikwa na Juergen Weigert kuanzia mwaka 1990 na ambayo husambazwa pamoja na kihariri cha maandishi cha Vim.

Ubora wake wa kwanza ni kwamba huonyesha baiti kwa mpangilio uleule zilivyo ndani ya faili, hata mtumiaji asipotaja chaguo lolote. Ukiipa picha ya PNG, mstari wa kwanza huwa hivi:

00000000: 8950 4e47 0d0a 1a0a 0000 000d 4948 4452  .PNG........IHDR

Kushoto ni mahali mstari unapoanzia ndani ya faili, katikati ni baiti 16 zilizopangwa mbilimbili, na kulia ni herufi za ASCII (seti ya msingi ya herufi za Kiingereza, tarakimu na alama) zinazolingana nazo, huku kila baiti isiyo na herufi ya kuchapika ikiwakilishwa na nukta. Picha hiyohiyo ukiipitisha kwenye hexdump bila chaguo, katika kompyuta ambayo prosesa yake hutanguliza baiti yenye thamani ya chini katika namba (little-endian), utaona 5089 474e, yaani kila jozi imegeuzwa, kwa sababu hexdump huzisoma baiti mbili kama namba moja. Naliona hilo kuwa kasoro kubwa, kwani mtu anayetafuta alama ya utambulisho wa faili atalinganisha na 89 50 4e 47 na kudhani faili limeharibika. Tiba ni kuandika hexdump -C, ambayo matokeo yake ni mazuri sana, lakini inampasa mtumiaji awe anajua hatari hiyo kabla hajakutana nayo. Kuhusu od, ambayo ilikuwamo katika Unix tangu mwaka 1971, kawaida yake ni kuandika kwa okta, mfumo wa namba wenye tarakimu nane, ikizisoma baiti mbilimbili kama namba moja, na baiti hizo mbili za mwanzo huonekana kama 050211.

Jambo jingine ni mistari inayofanana. Mistari mfululizo inapokuwa na data zilezile, hexdump na od huonyesha mmoja tu na kuweka nyota badala ya mingine, mpaka uongeze -v. xxd huonyesha yote, na hukunja mistari ya sifuri tupu pale tu unapoiomba kwa -a.

Manufaa haya hayaishii kwenye picha na programu. Skripti inayokataa kuendeshwa ilhali kila herufi yake inaonekana sahihi mara nyingi huwa na 0d kabla ya 0a mwishoni mwa mistari, yaani mwisho wa mstari wa mtindo wa Windows, au ef bb bf, alama isiyoonekana ya UTF-8, mwanzoni kabisa, na kwa hizi za mwisho mfumo hauzikuti 23 21 ambazo ndizo alama za #! pale zinapotarajiwa. Nafasi iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti nayo huweza kuwa c2 a0 (nafasi isiyokatika mstari) badala ya 20 (nafasi ya kawaida), na hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha bila msaada. Amri ya xxd -l 64 ikifuatiwa na jina la faili hutosha kwa uchunguzi wa mwanzo, na -s huruka hadi mahali unapotaka kuanzia.

Hata hivyo, kinachoiinua xxd juu ya wenzake kwa maoni yangu ni -r, chaguo linalorudisha heksadesimali kuwa binari. Ukilifungua faili kwa vim -b, ukaandika :%!xxd, ukabadilisha tarakimu, kisha ukaandika :%!xxd -r na kuhifadhi, umelihariri faili la binari kwa kihariri cha kawaida. Chaguo la -p nalo hutoa tarakimu tupu, bila namba za mahali wala safu ya herufi, na ni rahisi kuzibandika kwenye ujumbe na kuzirudisha upande wa pili kwa xxd -r -p.

Uangalifu unahitajika hapo. Mabadiliko yaliyofanywa kwenye safu ya herufi upande wa kulia hupuuzwa yote, na tarakimu zilizoandikwa vibaya hurukwa kimyakimya bila onyo lolote. Ningependa sana programu ikatae kuendelea badala ya kunyamaza. Vilevile maandishi yaliyo nje ya ASCII huonekana kama nukta tu, na rangi, zinazosaidia sana macho kutofautisha aina za baiti, zipo katika matoleo ya karibuni pekee kwa chaguo la -R. Anayezithamini rangi kuliko kuhariri atapendezwa zaidi na hexyl, programu nyingine ya aina hii, ambayo hupaka rangi tofauti baiti za sifuri, herufi, nafasi na zilizo nje ya ASCII. Kwa watumiaji wa PowerShell, mazingira ya amri ya Microsoft, amri ya Format-Hex inatosha kwa kusoma.

xxd haimo katika kanuni za POSIX, viwango vya pamoja vya mifumo ya aina ya Unix, kwa hiyo katika mfumo uliopunguzwa huenda usiikute. Skripti inayopaswa kufanya kazi popote iandikwe kwa od -An -v -tx1, ambayo hutoa baiti mojamoja kwa mpangilio wake halisi.