Deilili: ipi ununue, na ipi uikatae hata ukipewa bure

Ua la deilili hufunguka asubuhi, na kesho yake limenyauka. Hata jina lake la kisayansi, Hemerocallis, ni la Kigiriki: uzuri wa siku moja. Kwa hiyo ndugu zangu mlioko Marekani wenye kabustani nyuma ya nyumba, msidanganywe na picha ya ua moja lililonona kwenye lebo. Hesabuni matumba (matumba, si mitumba!), kisha mwulize muuzaji: yakiisha haya, mmea utatoa vikonyo vingine mwaka huu huu?

Kwa kipimo hicho naweka mbele aina iitwayo Happy Returns. Ni ya njano ya limau, mpole machoni, kimo cha sentimita 45 hivi, na hurudia kuchanua kiangazi kizima. Mzazi wake mmoja ni Stella de Oro, ninayoiweka ya pili kwa sababu ya rangi tu. Ile dhahabu yake kali nimeichoka kwenye maegesho ya magari. Lakini Stella, iliyozalishwa na Walter Jablonski, ilitwaa nishani ya Stout, tuzo ya juu kabisa ya deilili Marekani, mwaka 1985, tena ni rahisi kupatikana. Mfuko ukiwa mwepesi, chukua hiyo.

Hyperion, ya miaka ya 1920, huchanua msimu mmoja basi. Kwa kanuni yangu ingeanguka. Ila inanukia, na inafika mita moja. Ninayo chini ya dirisha la jikoni.

Ya mwisho ni ile ya rangi ya chungwa, Hemerocallis fulva, inayojiotea mitaroni. Jirani alinipa mfuko mzima. Mbegu haitoi, lakini mizizi hutambaa chini kwa chini. Mwaka wa tatu nilikuwa naing'oa katikati ya vitunguu.

Ukinunua mche wa mizizi mitupu (isiyo na udongo), bonyeza shingo, pale majani yanapokutana na mizizi. Ikibonyea kama nyanya iliyoiva, rudisha. Futa jani kwa karatasi nyeupe: ukiona unga wa rangi ya chungwa, huo ni ugonjwa wa kutu, utaambukiza nyingine. Aliye Florida atafute aina isiyopukutisha majani wakati wa baridi. Wa Minnesota achukue inayolala, yaani ile ambayo majani yake hukauka wakati wa baridi.

Una paka? Acha zote. Akitafuna jani tu, figo zake ziko hatarini.