Ampu ya valvu ya EL34 Tabora: wati 14 za sauti, wati 98 za LUKU

Ni ampu ya stereo yenye valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti): EL34 moja kubwa kila upande, inayosukuma spika, na ECC83 mbili ndogo za mbele. Katoni limeandikwa wati 7 kila upande, na ndizo inazotoa kabla sauti haijaanza kukwaruza. Sauti za waimbaji na magitaa ya rumba za zamani zinatoka nene, zenye mwili, hazichomi masikio. Kwa sauti peke yake inastahili sifa. Kinachoiangusha ni joto, na kwa Tabora ya Oktoba, chini ya bati, hilo si jambo la kupuuza.

Ikichomekwa kwenye umeme wa volti 240 inakula wati 98. Ongeza sauti, punguza, zima muziki kabisa: bado 98. Ndivyo ampu za aina hii, ziitwazo klasi A, zilivyo: mkondo unapita kwenye valvu muda wote, muziki uwepo usiwepo. Tena valvu huwa na joto zaidi muziki ukinyamaza, kwa sababu hakuna hata wati moja inayokwenda kwenye spika. Nguvu yote inaishia kwenye anodi, bamba la chuma ndani ya valvu. Kwa hiyo kuiacha inawaka huku umeshusha sauti hakukuokolei chochote. Saa nne kwa siku ni karibu uniti 12 kwa mwezi.

Sehemu ya joto hilo haikupaswa kuwepo. Transfoma imefungwa kwa volti 220, umeme wetu ni 230, na usiku mitaa mingine hufika 240. Kwenye 240 hita, nyaya zinazopasha valvu moto kwa ndani, zilizopaswa kupata volti 6.3 zinapata 6.9, ukingoni kabisa mwa kinachoruhusiwa. Risista (kizuizi cha mkondo) ya ohm 330 iliyo kwenye katodi, upande wa valvu unaotoa elektroni, inaonyesha volti 27. Gawa 27 kwa 330, unapata miliampea 82. Kati ya anodi na katodi kuna volti 300, hivyo valvu inabeba wati 24.5, kidogo kati ya hizo zikiwa za skrini, kiwavu kilicho karibu na anodi. Anodi ya EL34 mwisho wake ni wati 25. Valvu itafanya kazi, ila haitadumu.

Dawa imo humohumo ndani. Upande wa kuingizia umeme, transfoma ina waya wa ziada ulioandikwa 240, umevikwa mrija wa plastiki na kukunjwa pembeni. Chomoa ampu ukutani, subiri dakika tano, kisha pima kapasita (vihifadhi chaji) kubwa za volti 450. Zikibaki na chaji, zimalize kwa risista ya kilo-ohm 2.2 ya wati 5, usitumie bisibisi. Hamisha waya wa 220 uweke wa 240, na ule uliouondoa uuzibe vizuri. Ukipima tena kwenye 240, hita zinasoma 6.3, katodi volti 25, valvu inabeba wati 21, na matumizi yote yanashuka hadi 86. Muuzaji angeweza kulifanya hili kabla ampu haijatoka dukani.

Ukiwa bado umeifungua, tazama soketi za EL34. Ile risista ya 330 inatoa joto la wati 2 mfululizo, na kapasita ya mikrofaradi 100 imeegemezwa juu yake, ganda kwa ganda. Kapasita yenyewe imetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 85. Kapasita za namna hii hupoteza nusu ya umri kila joto likipanda nyuzi 10, kwa hiyo hiyo ndiyo itakayokufa kwanza: besi inalegea, sauti inapungua upande mmoja, na fundi asiyejua anabadilisha bure valvu ambayo haijaharibika. Weka kapasita ya nyuzi 105, volti 50, uzingatie hasi na chanya, uitenge na risista walau sentimita moja.

Mahali pa kuiweka ni juu ya meza iliyo wazi, sentimita 30 juu yake pasiwe na kitu, 10 kila upande. Isiingie kwenye kabati la vioo la TV. Na kile kitambaa cha kudarizi kinachopendezesha redio sebuleni, hapa ni moto mtupu. Feni ya kompyuta ya volti 12, ukiilisha volti 7, haisikiki, na transfoma iliyokuwa haishikiki kwa mkono utaweza kuishika. Vumbi la kiangazi lifute kwa brashi kavu, ampu ikiwa imepoa.

Umeme ukikatika, zima swichi. Ukirudi subiri utulie dakika mbili ndipo uwashe. Usiwashe kamwe bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Wati 7 zinatosha spika za desibeli 90 kwenda juu (ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa wati moja), sebule ya kawaida. Spika za desibeli 85 zitaifanya ikwaruze mapema, hapo heri ununue ampu ya transista. Kwa mwenye spika zinazofaa na fundi wa kuhamisha ule waya, tunaipendekeza. Kama ilivyo kwenye katoni, hapana.