3 Monts: Bia ya Shamba ya Kaskazini mwa Ufaransa Katika Meza ya Tanga

Miongoni mwa bia za Ulaya zinazofika Tanga kwa nadra, na aghalabu ndani ya begi la msafiri kuliko kwenye rafu ya duka, 3 Monts ni ile ambayo ningeipa nafasi ya kwanza mezani, kwa sharti kwamba isinywewe ikiwa na baridi kali. Ni bia ya rangi ya dhahabu inayotengenezwa Saint-Sylvestre-Cappel, kijiji cha eneo la Flandre upande wa Ufaransa, si mbali na mpaka wa Ubelgiji, na jina lake limetokana na vilima vitatu vinavyojitokeza katika nchi ambayo kwingine kote ni tambarare. Kilevi chake ni asilimia 8.5, na chupa yake kubwa ya sentilita 75 huzibwa kwa kizibo cha gome kilichobanwa kwa kipande cha chuma. Mtu aliyezoea Kilimanjaro yenye asilimia 4.5, au Safari yenye 5.5, azitazame kwanza tarakimu hizo kabla hajauliza habari za ladha. Naandika kwa ajili ya watu wazima wanaokunywa, nikijua kwamba katika mji wetu nyumba nyingi hazinywi kabisa, na ndiyo maana uonjaji huu ulifanyika faraghani, nyumbani kwa rafiki huko Raskazone.

Bia hii imo katika jamii ambayo Wafaransa huiita bière de garde, yaani bia ya kuhifadhiwa, na asili yake ni mashamba ya Nord na Pas-de-Calais, wilaya za kaskazini kabisa mwa Ufaransa. Kabla ya kuwapo mashine za kupozea, mkulima wa huko alipika bia yake wakati wa baridi hadi mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kwa kuwa joto la kiangazi huifanya hamira ichachuke ovyo na hukaribisha vijidudu vinavyoitia bia ukali. Kisha aliiacha itulie wiki kadhaa, au hata miezi, katika chumba cha chini ya ardhi, ili familia na vibarua wapate cha kunywa kazi za shamba zitakapopamba moto. Anayelijua tembo la mnazi la pwani yetu, ambalo likigemwa asubuhi ni tamu na kesho yake limekuwa siki, ataelewa mara moja ni adui gani aliyekuwa akikimbiwa. Lille, mji mkubwa wa eneo hilohilo, ndiko Louis Pasteur alikoanza kuchunguza uchachukaji, alipokuwa mkuu wa kitivo cha sayansi kuanzia mwaka 1854.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kilichomo ndani ya chupa ya leo ndicho alichokunywa kibarua wa karne ya 19. Bia za mashambani za zamani kwa kawaida zilikuwa nyepesi zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilivimaliza viwanda vidogo vingi vya kaskazini, kwa sababu jeshi la Ujerumani lililoikalia sehemu kubwa ya eneo hilo lilichukua hata mitambo ya shaba ya kupikia bia; waliosalia, pamoja na walioanza upya kama Félix Duyck katika kijiji cha Jenlain mwaka 1922, ndio walioijenga aina hii hadi ikawa kama tunavyoijua, yenye kilevi cha kati ya asilimia 6 na 8.5. Bia yake, iitwayo pia Jenlain, ndiyo iliyozoeza watu kuiona bia ya shamba ndani ya chupa ya mvinyo wa shampeni, na desturi ya kizibo cha gome ingali hai. 3 Monts yenyewe ni mtoto wa miaka ya 1980.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa hapa Tanga linaamua kila kitu, nalo ni ubaridi. Mhudumu wa baa huuliza ya moto au ya baridi, na kwa bia hii hakuna jibu linalofaa kati ya hayo mawili. Ikitolewa kwenye friji lenye nyuzi joto 3 au 4 na kumiminwa papo hapo, harufu haipandi, utamu wa kimea unafifia, na kinachobaki ulimini ni gesi na uchungu mkavu, kiasi kwamba mnywaji atajiuliza kwa haki kwa nini alilipa fedha nyingi hivyo. Ikiachwa kwenye joto la chumba, ambalo mwezi wa Februari hupita nyuzi 30, kilevi kinatangulia kila kitu na kuchoma puani. Mahali pake ni kati ya nyuzi 8 na 12. Njia iliyotufaa ni kuitoa kwenye friji, kuiacha mezani dakika chache bila kuifungua, kisha kumimina kidogokidogo katika glasi ya mvinyo yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, huku chupa ikirudishwa kwenye ndoo ya maji yenye barafu chache. Glasi ijazwe theluthi tu, kwa sababu upepo wetu wa jioni, hata ule wa baharini, huipasha moto haraka kuliko mtu anavyotarajia.

Kizibo kilitoka kwa mlio wa chini na povu halikurukia meza. Rangi ni dhahabu iliyokolea, angavu, na povu jeupe lilisimama kwa muda, kisha likashuka na kuacha alama za nyuzinyuzi kwenye kuta za glasi. Harufu ya kwanza ni ya nafaka: mkate uliotoka tanurini, ukiwa na uvumba hafifu wa majani makavu unaotokana na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake. Baada ya dakika kadhaa, glasi ilipoanza kupata joto, zilijitokeza harufu za asali, ganda la chungwa na tunda lililoiva ambalo mimi nililiita pea na mwenyeji wangu akashikilia kuwa ni tufaha. Sioni sababu ya kubishana zaidi, kwani harufu hizo za matunda ni kazi ya hamira na kila pua huzipa jina lake.

Kinywani, mwanzo ni wa utamu wa kimea, mzito kiasi, lakini utamu huo haukai. Katikati ya ulimi bia inakauka, karibu na ukavu wa mvinyo mweupe, na uchungu wa hopsi unaingia kwa adabu, ukiacha mwishoni ladha ya pilipili manga iliyogusa tu. Hapa ndipo ninapoipenda zaidi. Bia nyingi zenye nguvu hii huegemea sukari ili kuficha kilevi, na matokeo yake ni kinywaji kinachochosha baada ya glasi moja. Hii inategemea ukavu na gesi laini, na kwa hiyo inaalika chakula. Wapenzi wa saison, bia za shamba za ng'ambo ya mpaka katika jimbo la Hainaut, Ubelgiji, wataiona ina mwili mnene zaidi na viungo vichache zaidi, nami nadhani kwa chakula cha pwani unene huo ni faida. Kasoro yake ni kwamba kilevi hakijifichi hadi mwisho. Inapovuka nyuzi 14 au 15, joto la kilevi linashuka kooni na lile ganda la chungwa linapotea, na katika hali ya hewa ya Tanga kuvuka huko ni suala la dakika.

Tuliionja pamoja na vyakula tulivyokuwa navyo. Changu aliyechomwa kwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu ndiye aliyefaa sana, kwa kuwa gesi na uchungu wa bia vinasafisha mafuta ya samaki, na utamu wa kimea unakutana na ngozi iliyoungua kidogo. Samaki wa kupaka naye alifaa, kwani tui la nazi linahitaji kinywaji chenye nguvu ya kulikata. Lakini pilipili mbuzi ilipozidi kwenye mchuzi, kilevi kiliuongeza moto wake na bia ikageuka chungu. Pweza wa kuchoma hakupata wala kupoteza kitu. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni jibini ya shamba la Irente, Lushoto, ikiliwa na mkate mweusi wa hukohuko. Watu wa Nord hula bia zao na Maroilles, jibini yenye harufu kali mno, na ya Irente ni ya upole zaidi. Hata hivyo chumvi yake na mafuta ya maziwa viliipa bia utamu ambao haukuonekana ilipokuwa na samaki. Kwa mkazi wa mkoa huu ambaye jibini hiyo iko upande wa pili wa milima yake mwenyewe, huo ndio mlo ningemshauri aandae kwanza.

Kuhusu ununuzi, niseme waziwazi kwamba tatizo kubwa la bia hii huku kwetu ni namna inavyohifadhiwa. Chupa tuliyoionja ilibebwa mkononi kutoka Lille na ikalala mahali pa giza na ubaridi. Chupa nyingine ya aina hiihii, ambayo ilinunuliwa katika duka ambalo liliipanga kwenye rafu ya dirishani, ilikuwa na rangi ileile lakini harufu ya karatasi nene iliyolowa, na asali yake ilikuwa imechakaa. Joto huharakisha kazi ya oksijeni ndani ya bia, na mwanga huziharibu hopsi hadi zikatoa uvundo, kwa hiyo lawama haiendi kwa mpishi. Kabla ya kulipa, mnunuzi atazame tarehe ya mwisho ya matumizi, aguse chupa aone kama ina joto, na akiikuta inapigwa na jua aiache hapohapo hata kama bei imepunguzwa.

Bei yenyewe ni ya juu, mara kadhaa ya bia ya kiwandani ya nusu lita, na haiwezi kuwa kinywaji cha kila wiki kwa mtu wa kipato cha kawaida. Ila hesabu iwe ya haki: sentilita 75 zenye asilimia 8.5 zina takriban mililita 64 za kilevi halisi, ilhali chupa ya Safari ya nusu lita ina kama 28, hivyo chupa moja hii inazidi Safari mbili kamili. Ni ya kugawana watu watatu au wanne wakati wa mlo, na hakuna kati yao anayepaswa kushika usukani au pikipiki baadaye. Ikigawanywa hivyo, na ikitunzwa ipasavyo, naiona inastahili fedha yake. Ikinunuliwa ili mtu mmoja aimalize peke yake kwa kiu ya mchana, Kilimanjaro iliyopoa itamfaa zaidi na kwa gharama ndogo.