Biti za Densah kwa mfupa laini wa taya: maoni kwa madaktari wa meno wa Malindi na Lamu

Kipandikizi cha jino, yaani skrubu inayopandwa kwenye mfupa wa taya kushika jino la bandia, hakitakiwi kucheza hata kidogo wiki za mwanzo. Kikisogea zaidi ya milimita 0.15, mwili hukizungushia nyuzi za nyama badala ya mfupa, na hapo kazi yote imepotea. Shida hii iko zaidi taya la juu kwa nyuma, kwenye magego, ambako mfupa ni kama sponji. Drili ya kawaida ikipita humo inatoa unga wa mfupa nje, nao ndio uliokuwa mtaji wako.

Densah, biti za kampuni ya Versah ya Michigan, Marekani, zilizobuniwa na daktari wa fizi Salah Huwais, zinafanya kinyume. Makali yake yamelazwa: ukizizungusha kufuata saa zinakata, ukizizungusha kinyume cha saa zinasukuma mfupa pembeni na kuushindilia kwenye kuta za tundu. Unga haupotei, unakuwa kiraka cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Kwa mfupa laini tunazipendekeza bila kusita.

Utaratibu ni huu. Piga picha ya CT (eksirei ya pande tatu) ya taya kwanza, upime kimo na unene. Toboa kwa drili nyembamba ya kuanzia, kufuata saa, hadi kina unachotaka. Kisha geuza mota kinyume cha saa, mizunguko 800 hadi 1500 kwa dakika, maji ya dripu yakimiminika kwa wingi, uingize biti ndogo (kipenyo cha wastani milimita 2.0), halafu 2.3, halafu 3.0, na kuendelea. Usikandamize moja kwa moja. Shusha na kuinua, shusha na kuinua, kama mtu anayetwanga polepole. Maji yaingie tundu kila unapoinua. Maji hayo si ya kupoza tu, yanasaidia pia kusukuma mfupa kwa shinikizo lake.

Wapi pa kuishia? Mfupa laini, tundu liwe dogo kuliko kipenyo cha wastani cha kipandikizi kwa milimita 0.5 hadi 0.8, mfupa mgumu, 0.2 hadi 0.5. Kwa hiyo kwa kipandikizi cha kipenyo cha milimita 3.8 utaishia biti ya 3.3, au 3.0 mfupa ukiwa laini kabisa. Fundi wa milango ya Lamu anaijua hesabu hii: kijiti cha kufungia fremu huingia tundu lililo dogo kidogo kuliko chenyewe, lakini likizidi udogo mbao inapasuka. Mfupa nao una kikomo. Ukikaza kupita kiasi, damu haifiki ukutani, mfupa unakufa na kipandikizi kinalegea wiki ya tatu au ya nne, baada ya mgonjwa kuambiwa mambo ni mazuri. Niutoni sentimita 35 (kipimo cha nguvu ya kukaza skrubu) zinatosha.

Kosa linaloonekana sana ni mwelekeo. Mota ikisahaulika kwenye kufuata saa, biti hizi zinakata kama drili yoyote na tundu linapanuka kuliko ulivyokusudia. Mota nyingi hulia zikigeuzwa kinyume; msaidizi na asikilize mlio huo kabla ya kila biti. Kosa la pili ni joto: mfupa ukifika nyuzi 47 kwa dakika moja unaharibika, na biti inayosukuma inaweza kutoa joto zaidi kuliko inayokata. Kwa joto letu la kaskazi, weka chupa za maji ya dripu kwenye friji tangu asubuhi.

Taya la chini kwa mbele, ambako mfupa ni mgumu kama pembe, usizitumie kushindilia. Hakuna nafasi ya kusukuma kitu. Kata kufuata saa, na ikibidi malizia tu kwa kurudi kinyume.

Kwa Malindi kuna faida moja ya ziada. Wagonjwa huja na mipango ya vipandikizi vya kampuni mbalimbali, wengine wameanza matibabu Italia. Biti hizi hazifungwi na chapa moja, shina lake linaingia kwenye vishikio vya kawaida vya upasuaji. Ila maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi ndiyo adui wa chuma. Osha biti mara baada ya kazi, damu isikauke, tumia maji yaliyotoneshwa (mvuke uliopozwa, usio na chumvi) kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, uzikaushe kabla ya kuzifunga. Umeme ukikatika katikati ya tundu, mota isimame biti ikiwa ndani, usiing'oe kwa nguvu: subiri betri ya akiba, uitoe ikizunguka.

Andika kwenye daftari idadi ya matundu kwa kila biti. Baada ya 12 hadi 20, itupe, hata ikiwa bado inang'aa.