Madirisha ya vioo viwili Michenzani: fundi mzuri, ushauri mbovu

Nyumba yangu iko ghorofa ya pili katika majumba ya Michenzani, mjini Zanzibar, upande unaotazama barabara, na kwa miaka mingi madirisha yake yalikuwa ya luva, ambazo hata ukizifunga hazibanani. Honi za bodaboda, makonda wa daladala na jenereta la duka lililo chini yangu vilikuwa vikiingia kana kwamba dirisha halipo. Februari, wakati wa kaskazi, nilikwenda katika karakana moja ya aluminiamu hapa mjini, ambayo sitaitaja jina, nikauziwa madirisha mawili ya kuteleza yenye vioo viwili vya milimita 4 kila kimoja na nafasi ya milimita 12 kati yao, kwa karibu mara mbili ya bei ya kioo cha kawaida. Niliahidiwa kuwa sauti haitapenya kabisa.

Kazi ya mikono sina neno nayo. Mafundi walifika saa mbili asubuhi kama walivyosema, wakapima upya kila pembe kabla ya kufunga fremu, jambo la lazima katika kuta hizi zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki na ambazo zimekwisha kubomolewa na kuzibwa na wapangaji wa kila namna. Waliondoka wameacha sakafu imefagiwa.

Usiku wa kwanza mazungumzo ya watu wa barazani yalikuwa yamepotea na honi zimefifia, lakini jenereta lilinguruma vilevile, na kila pikipiki iliyopita niliisikia waziwazi. Nilisubiri hadi pepo za kusi zilipoanza kuvuma, nikafunga kila kitu, nikazima feni, kisha nikawasha kijiti cha udi na kukipitisha taratibu pembezoni mwa dirisha. Kwenye kioo chenyewe moshi ulipanda wima. Nilipofika pale vipande viwili vinapopishana katikati, ulilala kuelekea chumbani kama uliopulizwa; chini, kwenye reli, ukatawanyika kabisa; na kwenye kona moja ya juu, baina ya fremu na ukuta, ulirudi nyuma kwa nguvu kiasi cha kunifikia machoni.

Hapo ndipo penye kasoro ya huduma hii. Panapopita hewa hupita na sauti, na ufa mwembamba unatosha kuharibu faida ya kioo kizuri. Dirisha la kuteleza huzibwa kwa brashi za nyuzi, kwa kuwa lazima kipande kipate kusogea, wakati dirisha la bawaba hukandamiza mpira pande zote linapofungwa. Ama jenereta, vioo viwili vyembamba vilivyokaribiana hutikisika pamoja kwa mngurumo mzito, hewa iliyo katikati ikifanya kazi kama springi, kwa hiyo kwa kelele za barabarani havishindi sana kioo kimoja cha milimita 6. Hata kuongeza uzito wa kioo maradufu hupunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi tu kwa nadharia, ilhali sikio huona kelele imepungua nusu pale inaposhuka desibeli 10. Nililipia kioo, na tatizo lilikuwa fremu.

Nilipompigia fundi simu alikuja bila ubishi, akautazama ule moshi mwenyewe, akacheka kidogo. "Mwalimu, kioo hakina kosa," alisema, na alisema kweli. Alibadilisha brashi kwa nyingine nene zaidi, akabandika mpira pale katikati, akajaza silikoni nyuma ya fremu yote, na kunitoza vifaa peke yake. Matundu ya chini ya reli hakuyaziba, kwani ndiyo yanayotoa maji ya mvua wakati wa masika, ila aliyawekea vifuniko vidogo vya plastiki. Kazi hiyo iliyochukua saa mbili tu ilinipa utulivu kuliko vioo vyote nilivyonunua. Jenereta bado nalisikia, lakini sasa lazima nitege sikio. Joto nalo ni gharama ya pembeni: chumba kilichozibwa hivi hakilaliki bila feni.

Nilimuuliza kwa nini hakunishauri tangu mwanzo kuweka dirisha la bawaba. "Nondo zako ziko nje, mwalimu, litafungukia wapi?" Jibu hilo lina uzito, maana nyumba nyingi za hapa zina nondo nje na nyavu za mbu ndani, na ndiyo sababu kila karakana inasukuma madirisha ya kuteleza. Hata hivyo ningependa kuambiwa hayo kabla ya kulipa.

Karakana hiyo naipa alama nne kati ya tano kwa ufundi na mbili kwa ushauri. Dirisha la tatu, la chumba cha watoto, nimewaagiza wao hao, safari hii la bawaba linalofungukia ndani, kioo kimoja cha milimita 6, mpira pande zote nne, na wavu kuhamishiwa nje, nyuma ya nondo. Kijiti cha udi cha kulijaribia nimekwisha kukiweka tayari.