Losheni za "ngozi ya kuku": ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Pitisha kiganja kwenye mkono wako upande wa nyuma, kati ya bega na kiwiko. Ukihisi vipele vidogo vigumu kama msasa, visivyouma wala kutoa usaha, na pengine viko mapajani, matakoni au mashavuni pia, yaelekea una keratosisi pilarisi. Wengi huiita ngozi ya kuku, kwa jinsi inavyofanana na kuku aliyenyonyolewa.

Nimeishi nayo tangu ujana. Kwa miaka mingi nilivaa mikono mirefu hata kwenye joto kali, huku nikinunua kila chupa iliyoandikwa "ngozi nyororo". Hela nyingi zilipotea kwa sababu sikujua ninapambana na nini.

Vipele hivi ni vizibo. Keratini, protini ileile inayojenga kucha na nywele, hujikusanya kwenye tundu la kinyweleo na kuliziba. Si uchafu na haviambukizi. Hali hii hurithiwa, na huwaandama zaidi wenye ngozi kavu au pumu ya ngozi. Huzidi hewa inapokauka, na kwa wengi hupungua umri unavyosonga. Hakuna dawa inayoing'oa moja kwa moja. Kwa hiyo bidhaa yoyote ipimwe kwa maswali mawili: inalainisha kizibo? Inaifanya ngozi ishike maji?

Yurea hujibu yote mawili, ndiyo maana naiweka namba moja. Ngozi yenyewe ina yurea kiasili. Ikipakwa, huvuta maji na kulegeza keratini. Tafuta krimu yenye asilimia 10 hadi 20. Chini ya hapo utapata unyevu tu, na ile ya asilimia 40 imekusudiwa visigino vilivyopasuka na kucha nene, si mikono. Haina harufu ya kupendeza wala chupa ya kuvutia, lakini kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua hii.

Namba mbili ni asidi ya laktiki, au laktati ya amonia, ya asilimia 12. Hulegeza seli zilizokufa na kuongeza unyevu, na kwa watu wengine hulainisha upesi kuliko yurea. Nimeishusha kwa sababu huchonyota vibaya kwenye ngozi iliyokwaruzwa au iliyotoka kunyolewa, tena huifanya ngozi iungue kwa urahisi juani. Ukiinunua, nunua na losheni ya kukinga jua.

Asidi ya salisiliki, kuanzia asilimia 2, inafuata. Huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya ndani ya tundu lenyewe. Ila hukausha, kwa hiyo inataka losheni nzito juu yake. Usimpake mtoto sehemu kubwa ya mwili, na mwenye mzio wa aspirini aiepuke.

Retinoidi, yaani dawa za jamii ya vitamini A kama adapalini, ziko nyuma kwa makusudi. Zinasaidia, lakini huwasha na kubambua ngozi, na mjamzito au anayetarajia kushika mimba asizitumie. Hizo zungumza na daktari kwanza.

Mafuta ya mgando hayayeyushi kizibo hata kidogo. Kazi yake ni kufungia maji, na kazi hiyo yanaifanya vizuri kabisa, kwa hiyo yapake juu ya yurea ngozi ikiwa kavu mno.

Dodoki gumu na skrabu za chembechembe ziache hapohapo. Nilijisugua mpaka ngozi ikawaka, nikidhani vipele vitang'oka. Kusugua huleta uvimbe, na kwenye ngozi nyeusi uvimbe huacha madoa meusi yanayodumu kuliko kipele chenyewe. Madoa hayo ndiyo huwasukuma watu kwenye krimu za kujichubua. Naomba sana, usifike huko. Baadhi zina zebaki au steroidi kali, ambazo hudhuru figo na kuifanya ngozi iwe nyembamba, na hazigusi kizibo hata kimoja.

Dukani, geuza chupa usome nyuma. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi. Yurea ikitajwa mwishoni, karibu na manukato, ujue wamenyunyiza tu. Chagua isiyo na manukato, na asilimia iwe imeandikwa wazi.

Namna ya kupaka ina uzito kama chupa uliyochagua. Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika chache tu, jifute kwa kugusagusa, kisha paka yurea ngozi ingali na unyevu. Anza na sehemu ndogo siku mbili tatu uone kama inakukubali, na usianze na asidi mbili kwa pamoja. Halafu subiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kuihukumu. Mimi nilikuwa nikibadilisha chupa kila baada ya siku 10, na nadhani nilizitupa hata zilizokuwa zimeanza kufanya kazi. Ngozi ikishalainika punguza hadi mara mbili au tatu kwa wiki, usiache kabisa, maana vizibo hurudi.

Vipele vikianza kuuma, kutoa usaha, au nyusi zikianza kunyonyoka mahali vilipo, weka losheni pembeni ukamwone daktari wa ngozi.