Skana ya mkononi au kidude cha USB: masafa yakihamishwa, kipi kinakufaa?

Wapenda redio wa Kisumu hawachoki kubishania hili: skana, redio inayozunguka masafa ikitafuta mazungumzo, au RTL-SDR, kidude cha USB kinachoigeuza laptopu kuwa redio ya kupokea? Tuanze na uhamisho wa masafa, yaani masafa ya huduma moja kupewa nyingine, maana hapo kidude cha RTL-SDR kinashinda waziwazi. Mkutano wa dunia wa redio wa 2007 uliitengea simu 790 hadi 862 MHz, masafa yaliyokuwa ya TV, na Kenya ikazima TV ya analogi 2015. Kwenye skrini ya laptopu unaliona badiliko lenyewe: TV ya analogi ilionekana kama miiba michache, 4G ni ukuta mpana. Watumiaji wakihamia dijitali, mara nyingi unaongeza programu tu. Skana ya zamani ya analogi itakukoromea tu, maneno husikii.

Ila mnara wa simu au wa redio ya FM ukiwa jirani, kidude hulemewa. Unaweza kusikia stesheni ya FM kwenye masafa yasiyo ya FM. Skana nzuri hustahimili zaidi, na stima ikipotea inaendelea na betri zake. Kwa bei, kidude ni nafuu mno, mradi laptopu unayo.

Unafuata ndege za Kisumu tu? Mawasiliano yao hayajahama, yako palepale, 118 hadi 137 MHz, kwa mtindo wa AM, skana inatosha. Unapenda kusaka nani kahamia wapi? Chukua kidude. Kwa vyovyote, iulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano unachoruhusiwa kusikiliza.